Samli ya Shangazi na Mishipa ya Nguruwe

Jumatatu, 5 Mei

Asante Mungu, siku njema! Dokta Hellen anatafuta mnyama wa utafiti wa mishipa inayoziba kwa mafuta. Nimependekeza nguruwe, maana moyo na mishipa yake vinakaribia vyetu. Kunal, mwenzangu wa maabara, kapendekeza sungura. Sungura! Mla mchicha! Tutawalisha mafuta, kisha Dokta apime damu. Mnyama atakayeonyesha mafuta ndiye atakayechaguliwa, na mwenye mnyama atabaki kazini. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Lazima nishinde.

Alhamisi, 8 Mei

Mafuta ya dukani yamenishinda bei. Nimempigia Shangazi Evelina, Magu, anitumie samli. Kumwambia Msukuma kwamba samli ya ng'ombe wake italiwa na nguruwe? Sithubutu! Nikasema nimekonda mimi. Masikini, alilia kwenye simu.

Jumapili, 11 Mei

Balaa! Samli imefika kwangu Nyegezi, na Shangazi kaja nayo. Kasema mgonjwa haachiwi kibuyu, analishwa. Ugali kwa samli, michembe ya viazi vikavu kwa samli, hata chai! Habanduki mpaka nirambe sahani. Nguruwe anaambulia maganda ya viazi. Lakini tamu, jamani! Nani mwingine angenipenda hivi?

Ijumaa, 23 Mei

Siku ya kupima. Sungura wa Kunal: mafuta tele. Nguruwe wangu: damu safi, mzima kama mwanariadha! Dokta Hellen akayatazama mashavu yangu, akaamuru na mimi nitolewe damu. Nimewapita sungura wote! Kasema samli basi, na nishukuru imeonekana mapema. Nimeshukuru kweli, machozi yamenitoka. Halafu Kunal, hasimu wangu, akaniombea nibaki niwalishe sungura wake. Dokta kakubali! Nimemkumbatia Kunal mpaka akakohoa.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemsindikiza Shangazi stendi asubuhi, kaniombea dua ndefu. Nimerudi bandani, mafuta ya kuwalisha sungura yamekwisha. Aibu kumsumbua Kunal baada ya wema wote ule. Nikampigia Shangazi kabla basi halijafika Magu. Safari hii sikujitaja kabisa. Nimesema rafiki yangu Kunal kakonda, anatia huruma, atume vibuyu viwili. Kasema hatumi, atavileta mwenyewe amlishe kijana wa watu kwa mkono wake. Mungu ambariki! Mpango huu sioni pa kuharibikia.