Tembea Bila Kutikisika

Idara ya Bustani na Mandhari ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa kipaza sauti kilichokoroma, kwamba giza limefutwa rasmi. Kuanzia wiki hiyo bustani kuu, ile inayotazamana na jengo la wizara, ingeangazwa kwa taa zenye akili. Kila nguzo ingefungwa kihisi mwendo, yaani kijicho kidogo kinachomwona mtu akipita, kikamwashia taa, na akishaondoka kikaizima. Umeme hautapotea, mwananchi hatajikwaa, nchi itapiga hatua, na hatua hiyo itawashiwa taa.

Mkurugenzi wa Idara aliisoma taarifa hiyo mwenyewe. Alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno, mwenye makoti mawili: moja la kuvaa, jingine la kukaa ofisini. Lile la ofisini lilivalishwa kiti chake siku alipoteuliwa na halikuwahi kuvuliwa. Mgeni akija kumtafuta, katibu muhtasi alimwonyesha kwa kidole: "Yupo. Koti lake si hilo hapo?" Mgeni akaketi kulingoja koti. Lilikuwa limehudhuria kazini zaidi kuliko mtumishi yeyote, na halikuwa na onyo hata moja kwenye faili.

Sasa, kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na Waziri alikwisha dokeza kwamba atamtaja wa kukikalia jioni ya kuzindua taa hizo. Mkurugenzi alikiota kiti hicho usiku, na alipopata nafasi ofisini alikiota mchana pia. Mkewe alikwisha anza kuwajibu majirani salamu kwa kichwa tu, ili wazoee mapema.

Kazi ya kufunga waya alipewa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa fundi umeme kwa maelezo ya dada yake. Shemeji alihangaika na nguzo zile mpaka zikaisha, na jua lilipozama wakatoka wawili kwenda kujaribu. Bustani ilikuwa tupu, na taa zote zilikuwa zinawaka. Mkurugenzi akatabasamu. Akapiga hatua moja kuingia, taa ya kwanza ikazimika. Akapiga ya pili, ikazimika iliyofuata. Akasimama gizani, pua imegusa ua la michongoma, hajui kushoto wala kulia. Alipotulia kidogo, taa ikawaka tena juu ya kichwa chake.

"Shemeji, hii nini?"

"Ah, nimepishanisha waya, shemeji. Wa kuwasha nimeuchomeka pa kuzima. Hutokea."

"Hutokea kwa nani?"

"Kwa mafundi. Wewe usijali, niache na ngazi kesho asubuhi, nazigeuza zote."

Mkurugenzi akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu asiyejua serikali. Taarifa ya mafanikio ilikwisha pelekwa kwa Waziri, tena kabla waya haujatolewa dukani, kwa kuwa idara yake ilisifika kwa kuwahi. Humo iliandikwa kwamba mfumo umejaribiwa na kufaulu.

"Mfumo uliofaulu haurekebishwi," akasema. "Tukiurekebisha leo, jana ulifaulu nini?"

"Lakini watu si wataanguka, shemeji?"

"Wataelimishwa."

Wakaelimishwa. Langoni kilisimikwa kibao cha bati chenye maandishi makubwa: TEMBEA BILA KUTIKISIKA. Jioni ile ile fundi cherehani, akikatiza bustani kumpelekea mteja suruali, alitumbukia kwenye bwawa la samaki yeye na suruali yake. Nesi aliyekuwa akiwahi zamu aliteguka kifundo cha mguu. Walipokwenda kulalamika walijibiwa kwa upole kwamba uchunguzi umebaini walitikisika, tena mbele ya kibao.

Basi watu wakajitafutia njia. Mtu akiingia bustanini alisimama kimya mpaka taa iwake, akaikariri njia kwa macho, akatembea gizani kidogo huku amenyoosha mikono, kisha akasimama tena kungoja mwanga. Mwanamke aliyeuza miche ya maua pale langoni, ambaye wote walimwita Mama Michongoma, aliwafundisha wageni bila kuombwa. "Ukiona taa inawaka," aliwaambia, "ujue hapo hakuna anayeshughulika." Mkurugenzi naye, akichungulia dirishani mwake na kuona watu wamesimama kimya kila penye mwanga, alimtaarifu Waziri kwamba wananchi sasa husimama kuistaajabia bustani.

Waziri alifurahi mno. Na Mkurugenzi, akiona mambo yamemnyookea, akaona heri amalize kabisa. Akamwita shemeji yake, akamwagiza afunge vihisi hivyo katika jengo zima la wizara, kuanzia mapokezi mpaka ghorofa ya juu alikokaa Waziri na washauri wake.

"Hizi nizifunge sawasawa, shemeji?"

"Zifunge kama zile. Usibadilishe hata uzi. Unataka serikali moja iwe na mwanga wa aina mbili?"

Jioni ya uzinduzi bustani ilijaa watu, na kwa kuwa walikuwa wakipishana na kusalimiana, ilikuwa giza totoro. Jukwaa la wageni rasmi peke yake liling'aa, maana pale hapakuwa na mtu aliyejishughulisha na lolote. Mkurugenzi alikuwa amefanya mazoezi nyumbani mbele ya mkewe. Alisimama wima kama nguzo, mikono imebana mapajani, midomo tu ndiyo inafanya kazi.

"Mheshimiwa Waziri, mfumo huu umefungwa sawasawa. Hauna kosa hata la waya mmoja. Taa hizi hazijui kudanganya, na yeyote anayesema zimefungwa kinyume anaipinga nuru yenyewe."

Shemeji yake, aliyekuwa nyuma ya jukwaa, alikohoa. Waziri akainuka kumpa mkono, na taa ikazimika juu yao. Kwa kuwa sasa hawakuwa na kingine cha kutazama, Waziri akageuka kulitazama jengo la wizara ng'ambo ya barabara. Kila dirisha liliwaka. Mkurugenzi alikuwa ameagiza watumishi wote wabaki mezani mpaka Mheshimiwa ayaone madirisha, nao walitii kwa utaratibu wa ofisi: kila kiti kilivalishwa koti, wenyewe wakaenda makwao.

"Jamani!" akasema Waziri kwenye kipaza sauti, sauti imejaa kiburi cha baba mwenye watoto wazuri. "Saa za kazi zimekwisha zamani, lakini hebu yaoneni madirisha yale! Yote yanawaka!"

Kicheko kilianzia langoni kikaja taratibu mpaka mbele. Waziri akadhani ni furaha, naye akacheka. Wakacheka zaidi.

Mara dirisha moja la ghorofa ya chini likazimika. Bustani ikalipuka kwa vigelegele. "Mfagiaji huyo! Yule mama ameingia na ufagio wake!" Chumba kile kikawaka tena, kilichofuata kikazimika, na watu wakapiga makofi chumba kwa chumba.

"Wanashangilia nini?" Waziri akauliza.

Mkurugenzi akasema ni uzalendo. Lakini Mama Michongoma alikuwa amesimama karibu.

"Mheshimiwa, shikamoo. Taa hizi mtu akitikisika zinazimika, asipotikisika zinawaka. Ndivyo tulivyoelimishwa, kibao kile pale. Kwa hiyo mle ndani anayefanya kazi ni huyo mama wa ufagio." Akanyoosha kidole juu zaidi. "Na ile ghorofa ya mwisho, Mheshimiwa, samahani, tangu ifungwe taa hizo haijazimika hata mchana."

Ghorofa ile watu wote walijua ni ya nani. Waziri naye alijua. Tabasamu likamtoka usoni, akaweka kipaza sauti chini na kumsogelea Mkurugenzi.

"Nijibu neno moja. Taa zimefungwa sawasawa, au zimefungwa kinyume?"

Mkurugenzi akapiga hesabu haraka, ndani ya lile koti la kuvaa. Akisema sawasawa, basi wizara nzima imelala fofofo mbele ya umma, na Waziri ndiye aliyelala juu kabisa. Akisema kinyume, basi taarifa ilikuwa uongo, kibao uongo, na hotuba aliyoitoa sasa hivi uongo, na kiti cha Katibu Mkuu kimeota mbawa. Akamtafuta shemeji yake kwa macho. Shemeji alikuwa amekwisha beba ngazi yake na kushika njia.

Mkurugenzi hakutikisika. Waziri, akingoja jibu, naye hakutikisika. Watu wote wakatulia kusikiliza, na kitambo kikapita. Kisha taa ya jukwaani ikawaka juu ya vichwa vyao wawili, nyeupe pe, bila kosa hata la waya mmoja.