Samaki Kwenye Mlango wa Mashariki

Jumatatu, 10 Machi

Bosi Vagn ametangaza kwamba Ijumaa atachagua kiongozi wa zamu yetu ya ulinzi. Wagombea ni wawili: mimi Ebbe, na Dorthe wa ghorofa ya juu. Jengo zima la maduka hapa Odense, Denmark, linajua nani anafaa.

Dorthe akishika redio ya mawasiliano husema yeye ni nani, yuko wapi, kuna nini, basi. Hana mvuto hata chembe. Mimi nimetunga lugha ya siri. Mwizi ni "samaki". Msaada ni "mkate". Sijamwambia mtu, maana ni siri.

Jumanne, 11 Machi

Bahati! Jamaa mwembamba kaingia duka la makoti, katoka mnene. Nikabonyeza redio, nikakaza sauti: "Samaki anaogelea kuelekea mlango wa mashariki. Leteni mkate upesi."

Dorthe akauliza kama nilikunywa chai asubuhi.

Punde akaja Mzee Mogens, mlinzi wa mlango huohuo wa mashariki, anahema, mkononi kipande cha mkate mweusi wenye samaki wa siki na vitunguu. Ameacha mlango ili anilishe. Mwizi akapita hapohapo, taratibu.

Vagn aliniuliza kwa nini sikusema "mwizi". Nikamjibu kwamba mwizi angesikia. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akakipigia mstari mara mbili. Nadhani alivutiwa. Mkate ulikuwa mtamu.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Nilisimama kwa Lis muuza mikate, nimeegemea kaunta, nikimweleza mipango yangu. Kwamba Vagn anatembea kama bata aliyepotelewa na bwawa. Kwamba Dorthe anaongea kama tangazo la treni. Lis alikuwa ananikonyeza. Nilidhani ananipenda.

Kumbe tumbo langu lilikuwa limeibana redio kwenye kaunta, kitufe kimezama. Jengo zima lilinisikia. Na kwa kuwa mimi nilikuwa hewani, hakuna mwingine aliyeweza kusikika.

Wakati huo Dorthe alimwona kupitia dirisha mtoto mdogo mwenye koti la mvua la njano, peke yake, akielekea uwanja wa kushushia mizigo. Aliita. Aliita tena. Kilichosikika ni bata. Akashuka ngazi mbio, akamdaka mtoto kwa kofia ya koti wakati lori linarudi nyuma.

Alikuja kwangu mtoto yuko begani, jasho linamtiririka. Hakufoka. Alinivuta kutoka kwenye kaunta, akasema polepole, "Ebbe, ukikaa hewani wewe, sisi wote tunakuwa viziwi. Nilikuwa namwitia msaada huyu."

Mtoto alinitazama. Nikaketi juu ya gunia la unga.

Jioni nimepima kaunta ya Lis. Ni ya juu mno; ndiyo iliyobonyeza kitufe. Nitaandika malalamiko.

Ijumaa, 14 Machi

Dorthe ndiye kiongozi. Vagn amechukua redio yangu na kuniambia kwamba Jumatatu naanza mafunzo ya redio pamoja na walinzi wapya: kusikiliza kwanza, kubonyeza, kusema kwa ufupi, kuachia.

Mafunzo ya siku tatu, kwa gharama ya kampuni! Dorthe hawajampeleka popote. Ni wazi wananiandalia cheo kikubwa zaidi. Nimenunua tai mpya, na nimeandaa hotuba ya saa nzima ya kumsahihisha mwalimu.