Orki Asiyefanana na Yeyote

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katuita wachoraji wote. Wachoraji wote ni wawili: mimi na yule ninayemwita Miwani. Tunatengeneza michezo ya kompyuta, vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Bosi anataka orki. Lile jitu la kijani lenye meno ya chini yaliyochomoza, linalotoka pangoni na kuuawa na kila mpita njia. Ila orki wetu asiwe wa kuazima. Bosi akinusa mchezo wa mtu mwingine, mchoro unapita dirishani. Mwenye orki mpya kabisa ndiye atakuwa mchoraji mkuu.

Mchoraji mkuu! Kiti cha magurudumu! Meza ya dirishani! Miwani ataniletea kazi zake nizikosoe. Nimeshaanza mazoezi ya kukunja uso.

Orki wangu nimemmaliza kabla ya chai. Zambarau! Nani amewahi kuona orki wa zambarau?

Jumanne, 4 Machi

Miwani amewahi kuona. Kafungua mchezo wa zamani mbele ya bosi. Orki wa zambarau kibao!

Nikampa wangu pua ya nguruwe. Miwani akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba orki wa michezo ya zamani kabisa walikuwa na pua hiyo hiyo. Nikampa mabega ya chuma, makubwa kama masufuria. Akasema nayo yapo tayari. Nikamng'oa meno. Bosi akauliza huyu anaumwa nini.

Miwani simpendi hata kidogo. Anajua kila kitu, na bado anakuazima kalamu ukimwomba.

Jumatano, 5 Machi

Wazo limenijia bafuni. Orki mwenye utamaduni! Nikamvisha shanga, ngozi, mifupa shingoni, nywele za kusuka. Nikamwekea ngoma. Nikamwonyesha mke wangu, nikasubiri sifa.

Akatazama. Akauliza kwa nini kila jitu la kuuawa linavalishwa kama babu za watu. Hizo shanga ni za kina nani? Ngoma ilikuwa ya kina nani kabla ya kuwa ya majitu? Na mbona anayekuja kuwaua ana farasi mweupe na nywele zimechanwa?

Nikamwambia ni mchezo tu. Akasema na yeye anauliza tu.

Nimefuta ngoma. Halafu mifupa. Halafu shanga. Limebaki jitu limesimama na kaptula. Imeniuma, kwa sababu mke wangu alikuwa sahihi, na kwa sababu ile ngoma nilikuwa nimeipatia.

Jioni mama mkwe kaingia na mizigo. Kaja kutibiwa goti, atakaa kwetu hadi lipone. Kakagua masufuria, mapazia na mimi. Kasema vyote vinahitaji kusuguliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata! Asubuhi mama mkwe alisimama mlangoni. Mkono kiunoni, mguu mbaya mbele, taya la chini limetangulia, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, mwiko mkononi. Alikuwa anamtazama muuza maziwa aliyechelewa. Muuza maziwa akashuka ngazi kinyumenyume.

Nikashika penseli. Mwiko ukawa rungu. Kitambaa nikakiacha.

Bosi kapiga meza kwa furaha. Jicho lile hajaliona kwenye mchezo wowote! Hata Miwani kavua miwani. Akaniuliza nimemtoa wapi. Nikasema kichwani mwangu. Bosi kasema orki akiwapendeza wageni kesho, kiti ni changu.

Wageni ni jamaa zetu. Kila mchezo mpya bosi huwaita waujaribu, maana hao hujaribu bure. Nilivyokuwa na furaha, nikamwambia mke wangu aje na yeyote aliyepo nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Yeyote aliyepo nyumbani! Mimi na mdomo wangu!

Nilimwambia mama mkwe ngazi za ofisini zitamuumiza goti. Akasema goti ni lake. Nikamwambia umeme umekatika. Akasema atakaa gizani. Akafika wa kwanza, akaketi katikati.

Skrini ikawaka. Pango. Moshi. Orki akatoka, mkono kiunoni, mguu mbaya mbele.

Bosi akamtazama orki, akamtazama mama, akamtazama orki tena. Mke wangu akanigeukia na jicho lile lile, kumbe ni la kurithi. Miwani akajificha nyuma ya kompyuta, mabega yakitikisika.

Kaka yake bosi akabonyeza. Shujaa wa farasi mweupe akamchoma orki mara moja, orki akaanguka. Mama mkwe akasimama. Nikafumba macho.

Akauliza kwa nini amekufa upesi hivyo. Akauliza huyo wa farasi kalelewa na nani, anaingia nyumbani kwa watu bila hodi. Kisha akaniuliza mimi, mbele ya wote, kama kweli namjua yeye kuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja.

Makofi! Bosi kaamua hapo hapo: mchezaji atakuwa orki, analinda pango lake, na wa farasi ndiye jitu. Sauti ya orki atatoa mama. Mchoraji mkuu ni Miwani. Mimi nimeazima bila kuomba, kasema bosi, tena kwa mkwe!

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu haongei nami. Mama mkwe anaongea na kila mtu, kwa sauti ya orki, anafanya mazoezi. Muuza maziwa leo kawahi.

Nimepiga magoti kuomba msamaha. Nimeona aibu kweli. Mama kanisamehe kwa sharti la kumpunguza orki tumbo. Nimepunguza. Nimeapa kutomchora tena mtu wa familia. Kamwe!

Jumatatu, 10 Machi

Sasa bosi anataka joka, lile nyoka kubwa lenye mabawa, linalotema moto na kulalia hazina yake. Lisiwe la kuazima. Miwani, juu ya kiti changu, kasema mwenye joka jipya kabisa atapewa meza ya dirishani, maana yeye jua linamuumiza.

Kiapo ni kiapo. Nitatumia kichwa changu.

Jioni baba mkwe kawasili kumfuata mkewe. Kaja na sanduku la bati. Kaliweka sebuleni, kalilalia, hataki mtu aliguse. Moshi wa sigara unamtoka puani. Akikoroma, vikombe vinacheza kabatini.

Nimechonga penseli. Nitampaka bluu. Nani atamtambua?