Nilizuiwa Kuzimia Kilimani

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio za Vilima.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUNYIMWA NAFASI YA KUZIDIWA KATIKA MBIO ZA JUMAPILI

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiwa nimekaa sakafuni. Usidhani ni unyenyekevu. Miguu yangu bado haijaelewana na viti. Mtoto ananyonya upande wa kushoto, kwa hiyo ukiona mwandiko umelalia kulia, nisamehe.

Mimi ni mkimbiaji wako, yule wa sketi ya kijani. Sura yangu huenda huikumbuki, lakini kelele zilizoandamana nami nadhani bado unazisikia. Ni hizo hasa zilizonifanya nishike kalamu.

Kwanza nieleze kwa nini nilijiandikisha, maana najua wapo watakaosema: mama wa watoto wawili, mmoja hajaacha ziwa, alitafuta nini vilimani jua lote lile? Nilitafuta usingizi. Tangazo lenu lilibandikwa kwenye ukuta wa zahanati, ninakompeleka mtoto kupimwa uzito. Nililisoma nikiwa kwenye foleni, mdogo begani, mkubwa ameng'ang'ania sketi ananiuliza kwa nini ukuta ni mweupe. Mambo ya umbali na miinuko niliyaruka. Nikafika chini kabisa, palipoandikwa hivi: "Mkimbiaji atakayezidiwa atalazwa katika hema la huduma ya kwanza, penye kivuli, wala hatasumbuliwa na mtu yeyote mpaka apate nafuu."

Sijui ni nani katika kamati yako aliyeandika sentensi ile, lakini Mungu ambariki. Machozi yalinitoka palepale. Wala hatasumbuliwa na mtu yeyote! Ndugu Mwenyekiti, nyumbani kwangu napigiwa hodi hata nikiwa chooni, na nisipoitika, vidole vidogo vinapitishwa chini ya mlango. Nawapenda wenye vidole hivyo kuliko roho yangu. Lakini nilitaka kulazwa.

Nikamuuliza karani wa usajili hema litakaa wapi. Akasema ni karibu na kilele cha kilima cha kwanza, kwenye kona ya tangi la maji. Basi mpango ukawa rahisi: kukimbia mpaka tangini, kuzidiwa kwa adabu, kulala. Nilifanya hata mazoezi ya kuzidiwa mbele ya kioo, mkono kwenye paji la uso, macho yakielea. Baba watoto, ambaye ni fundi bomba na hujua kutambua kitu kinachotaka kupasuka, akaniuliza kama nina gesi tumboni.

Kila kitu nilikipanga, isipokuwa rafiki yangu.

Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Anauza mitumba sokoni, na wenzake wanamwita Tangazo, kwa sababu akifungua mdomo hata waliokuja kununua vitunguu huondoka na suruali. Ana kipaza sauti cha kushika mkononi. Siku ya mbio, mkubwa wangu nilimpeleka kwa bibi yake, na mdogo nikamwachia Tangazo, nikijua atakaa naye nyumbani. Aliniambia tu, "Nenda, jirani, nikipata nafasi nitakuja kukushangilia kidogo." Neno "kidogo" ndilo limenifikisha sakafuni hapa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilishangiliwa kibiashara. Tulipoanza kupanda, lami ilikuwa imeshaanza kunata kwenye viatu, na mimi nilikuwa nakwenda mwendo wangu wa mtu mwenye miadi na godoro. Ghafla nikamwona Tangazo juu ya kreti la soda, mtoto wangu mgongoni mwake amevishwa kofia. Yeye hajui namna nyingine ya kutumia sauti. Akaanza: "Mwone huyo! Mwone huyo! Daraja la kwanza hiyo, haina tundu, haina doa! Geuza huku, geuza kule, mali safi!" Wanaume waliokuwa wakinipita wakageuka kunikagua. Mama mmoja kati ya watazamaji akaingia barabarani, akakimbia sambamba nami, akashika pindo la sketi yangu na kuuliza kama ipo ya kiuno kikubwa zaidi. Nikamwambia, dada, mimi niko kwenye mashindano. Akanijibu, "Hata mimi nina haraka." Alikuwa amevaa ndala, ana kikapu, na hakuwa anahema. Jambo hilo nalo linaniuma.

2. Ngazi hazikufungwa. Barabara mliyotuchagulia inazunguka kilima kama mgeni asiyetaka kufika. Lakini wakazi wa kule juu wana ngazi zao za saruji zinazokata moja kwa moja. Kwa hiyo kila nilipomaliza kona na kumshukuru Mungu kwamba nimemwacha chini, nilimkuta juu, kakaa vizuri, anajipepea. Nimejiuliza ni kamati gani yenye akili timamu inayofunga barabara kwa magari na kumwachia Tangazo ngazi.

3. Mtoto wangu alitumiwa. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo penye kidonda. Niliifikia kona ya tangi. Nikaliona hema. Lilikuwa jeupe, limefunguliwa upande wa upepo, na ndani godoro lenye shuka lililokunjwa pembeni vizuri kabisa, kama kitanda cha mtu anayependwa. Nesi alikuwa amekaa peke yake bila mgonjwa hata mmoja, anajipepea kwa kifuniko cha boksi. Aliponiona akasogeza mto. Ndugu Mwenyekiti, aliusogeza mto! Nikaanza kuzidiwa. Nikapunguza mwendo, nikapeleka mkono kwenye paji la uso kama nilivyojifunza. Nesi akasimama, akaninyooshea mikono.

Mara kutoka kona ya juu ikaja sauti: "Jirani! Mwenye mali anadai maziwa yake huku!" Kisha akakiweka kile kipaza sauti kwenye mdomo wa mtoto.

Wewe ni mwanamume, sina hakika kama utaelewa, kamuulize mama watoto. Kilio kile kilijaa kilima kizima. Kifua changu kikaitika kabla yangu. Blauzi ikalowa, miguu ikapokea amri isiyotoka kichwani, na nikalipita hema nikikimbia kuliko nilivyokimbia tangu asubuhi. Godoro lilikuwa kulia kwangu, ningenyoosha mkono ningeligusa. Nesi alipiga makofi. Sijamsamehe.

Nikaifikia ile kona nimepanua mikono. Hakuna mtu. Alikuwa ameshapanda ngazi kwenda kona inayofuata, na mtoto ameshanyamaza, anacheka.

4. Udhaifu wangu ulichezewa. Kilima cha pili, kile ambacho tangazo lenu linakiita "mwinuko mdogo" (nadhani aliyekipima alikuwa ndani ya gari), nilikipanda kwa kutembea. Jua lilikuwa limekaa juu ya utosi wangu kama ndoo. Maji niliyopewa kituoni niliyamwaga kichwani, na naapa yalitoa mvuke. Niliamua, potelea mbali, nitakaa kwenye ukingo wa barabara na mtoto ataletwa nilipo. Ndipo Tangazo akabadilisha wimbo. Akaanza ule wa jioni, wakati mzigo hautakiwi kurudi nyumbani: "Kumaliza! Kumaliza! Kilima kimebaki kipande! Leo kinakwenda bei ya kutupa! Ukikiacha wewe, mwenzako anakibeba!"

Naye ananijua. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuona kitu cha kumalizia nikamwachia mwanamke mwingine. Kabatini kwangu kuna makoti matatu ya baridi na hapa kwetu baridi haijawahi kupita. Nikageuka, nikaona kuna dada mmoja nyuma yangu anakitolea macho kilima changu. Nikakimbia.

5. Nilimaliza mbio. Hili sikuliomba na halikuwemo kwenye mpango wowote. Sikuwa hata wa mwisho. Nyuma yangu alifika yule dada, kisha babu mmoja mwenye fimbo, kisha yule mama wa kikapu, ambaye hakujiandikisha kokote na bado alipewa maji. Mtu nisiyemjua akanivisha medali shingoni, nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikamnyonyesha mwanangu mbele ya kamati nzima. Tangazo akaja akakaa kando yangu. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, kipaza kinafanya kazi lakini koo limegoma. Alichezesha midomo tu. Nikaelewa anasema, "Si nilikwambia unaweza?" Hakuwahi kuniambia. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Nikalia. Nililia kwa hasira, na naomba kumbukumbu za kamati zionyeshe hivyo.

6. Nilipatwa na furaha. Mchana ule Tangazo aliwachukua watoto wote wawili ili nilale. Mlango ukafungwa, pazia likashushwa, hodi haikupigwa. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nakitamani tangu mkubwa azaliwe. Nikajilaza. Nikaangalia dari. Nikacheka peke yangu. Nikaamka kuitazama medali, nikarudi kitandani, nikaamka tena kuona kama bado ipo. Sikulala hata lepe. Tangazo lenu limetahadharisha kuhusu jua, kiu, misuli na mbwa wa barabarani, lakini furaha haikutajwa popote, na mtu mzima anapaswa kuonywa mapema.

7. Nyumba yangu imevurugika. Mkubwa wangu anaoga na medali. Analala nayo. Amemuuliza baba yake kwa nini yeye hana, na baba yake, ambaye alikuwa hajibu wala haulizwi jambo baada ya chakula, sasa anaamka mapema "kunyoosha miguu" na kurudi ametota jasho, hataki kusema alikokuwa. Tena nikisema nimechoka hanihurumii. Ananiambia, "Aa, wewe mpanda vilima, hebu rukia dukani mara moja." Zamani nikisema nimechoka niliaminiwa.

Kutokana na hayo, naiomba kamati yako ichukue hatua zifuatazo bila kuoneana haya. Ngazi zote zifungwe siku ya mbio, ikibidi zing'olewe. Tangazo azuiwe kukaribia barabara yoyote yenye mtu anayekimbia, hata kama mtu huyo anakimbia mvua. Na kwa kuwa sauti yake haizuiliki kwa kamba wala askari, naomba kile kilima cha pili kisawazishwe, ili asiwe na mahali pa juu pa kusimama. Kama kukisawazisha kutachukua muda, kisogezwe. Hema nalo liwekwe kabla ya mstari wa kuanzia, ili sisi tunaofika tukiwa tumeshazidiwa tuingie moja kwa moja bila kupoteza muda wa watu. Medali ningeirudisha pamoja na barua hii, lakini kwa sasa iko ndani ya beseni, na aliyekaa nayo humo ana sabuni machoni na hataki kuguswa.

Sina ugomvi na mtu. Nataka haki yangu tu, na haki yangu ina shuka lililokunjwa pembeni.

Wasalimie wanakamati wote, karani wa usajili, vijana wa maji, na babu wa fimbo kama anapatikana. Nesi naye msalimie, ila usimwambie ni mimi. Yule mama wa kikapu mwambie sketi ya kiuno kikubwa ipo, afike sokoni, meza ya tatu kutoka kwenye bomba. Mama watoto wako mpe pole, hata kama sijui ya nini, atajua mwenyewe. Mwanangu mdogo anakusalimia kwa kupiga miayo.

Ni mimi mwenye kuchoka na kukuheshimu,
Mkimbiaji wa sketi ya kijani.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Tangazo amepita hapa. Amekwenda kujiandikisha kwa mbio za mwakani. Karani alimwambia ni mapema mno, lakini hakuondoka pale mpaka jina lake lilipoandikwa. Nikamuuliza, jirani, wewe na vilima wapi na wapi? Akakwepa macho yangu, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo kabisa, kwamba amesikia kuna hema. Ana watoto wanne na meza ya sokoni, na tangu nimfahamu sijamwona amekaa akamaliza chai ikiwa moto. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba yote niliyoandika hapo juu uyafute. Ngazi ziachwe wazi. Nimeshaanza kuzipanda asubuhi, kwa mazoezi. Hema lisiwekwe kabisa, na kama sheria inalazimisha, basi lifungwe zipu, nesi akae juu yake. Huyu mwanamke lazima afike mwisho, na mimi ndiye nitakayemfikisha. Na kile kilima cha pili, kama kuna namna ya kukiongeza kidogo, kiongezwe.