Basi la Tatu la Hedimasta

"Jamani, mimi leo nimeona! Basi la shule limefungwa ng'ombe, linavutwa pale Guta kama jembe!"

Gati alianza kutangaza kabla hajafika kwenye benchi. Ndiyo maana walimwita Taarifa. Redio ya mtaa ilikosa betri tangu mwaka juzi, lakini yeye hakukosa la kusema hata siku moja.

Kijiwe chenyewe kilikuwa cha kahawa, pale Mwigobero, kando ya barabara inayoteremka ziwani. Sukari ilikuwa imeadimika mjini, kwa hiyo kila mteja alikuja na yake mfukoni. Asiyekuwa nayo alikunywa chungu huku akimtazama mwenye nayo.

Masatu aliinamia kikombe. Alimjua vizuri mwenye basi hilo. Matope ya Guta yalikuwa bado yamemkaukia kwenye viatu.

"Hedimasta," akaita Bernado, taratibu, kama polisi anayeanza kuhoji. "Ni wewe tena?"

Jina la Hedimasta lilimpata Masatu kwa kuendesha basi la shule miaka mingi, mpaka shule ikakosa matairi ikawaacha yeye na basi siku ileile. Bernado naye walimwita Magendo, kwa sababu ya sabuni na mafuta aliyoyatoa Sirari mpakani. Mwenyewe alisema si magendo, ni bidhaa iliyovuka mpaka bila kuaga.

"Ni mimi," akasema Masatu.

"La tatu hili!"

"La tatu."

"Wenzako wanafugaga ng'ombe, wewe unafuga mabasi. Yanazaa?"

Benchi zima likacheka. Basi la kwanza Masatu alikuwa ameligeuza nyumba huko Makoko: viti viwili vimekuwa kitanda, bomba la moshi linatokea juu ya paa, mapazia madirishani. La pili lilikuwa limesimama kando yake likichunwa spea kidogo kidogo, sasa limebaki mbavu.

"Ngoja niwaulize," akasema Masatu. "Saruji iko?"

"Hakuna."

"Bati?"

"Bati tunasikiaga tu kwenye hotuba," akajibu Gati.

"Misumari je? Sasa mimi nimepata bati limeshapigwa misumari, lina mlango, lina madirisha ya vioo, na mvua ikinyesha halivuji. Mwendawazimu ni nani hapo? Wewe unayengoja kibali cha saruji, au mimi niliyelala pakavu?"

"Lakini mgeni akija," akauliza Bernado, "apige hodi au apige honi?"

"Honi imekufa. Apige hodi."

"Nyinyi hamjui huyu mzee!" Gati akasimama. "Alikuja na hiyo nyumba yake ya basi Butiama kwenye harusi. Sisi tumelala kwenye turubai, mbu wanatugawana. Asubuhi Hedimasta anatokeza kichwa dirishani, mswaki mdomoni, anauliza chai iko tayari? Halafu gari likaanza kutoa moshi juu. Bibi harusi akakimbia na shela, anapiga kelele gari linaungua! Kumbe mura huyu anapika ugali!"

"Hiyo si nyumba," Bernado akakata shauri. "Nyumba inakungojaga ukitoka kazini. Hiyo ukisahau kuweka jiwe kwenye tairi, unaamka umo ziwani, sato wanakuchungulia dirishani wanauliza karo umelipa."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa Hyasinta, mwenye kijiwe. Alikuwa mjane wa makamo, nao walimwita Mama Esta kwa jina la binti yake. Alichukua kitambaa akaifuta kahawa iliyomwagika, polepole mno.

"Chekeni harakaharaka," akasema. "Mwisho Jumamosi."

"Mwisho wa nini?"

"Wa kijiwe. Mgambo wamepita asubuhi. Anakuja mgeni mkubwa, barabara inatakiwa iwe safi. Vibanda, mabenchi, majiko, vyote viondoke. Na mwenye nyumba naye anataka chumba changu. Tangu waruhusu watu kuleta bidhaa za nje, kila mwenye chumba anataka kiwe duka. Anasema mitumba inalipa kuliko mimi."

Gati, aliyekuwa bado amesimama, akaketi.

Masatu alikuwa analijua hilo la chumba tangu Jumapili iliyopita. Siku hiyo, baada ya misa, alimwambia Hyasinta neno ambalo alikuwa amelibeba mwaka mzima: kwamba angependa wazeeke pamoja. Hyasinta alimjibu kwamba alishazika mume mmoja, na kwamba mtu ambaye hajui wiki ijayo atalala wapi hawezi kufikiria harusi. Jumatatu Masatu akaenda Bunda kutafuta basi, akalipata upande wa Guta. Hakumwambia mtu.

Sasa akaona hakuna namna.

"La tatu si langu," akasema. "Ni la Mama Esta. Nyuma atalala yeye na Esta, mbele atauza kahawa."

Bernado akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo ulikuwa unatuacha tukuchekage bure?"

"Mlikuwa mnafurahi."

"Hedimasta," akasema Hyasinta, macho kwenye birika, "mimi sijakuomba basi."

"Hujaomba. Wala hulipii kwa neno lolote. Hata ukinikataa, basi ni lako."

Hyasinta akainua birika akammiminia tena. Kikombe hicho kilikuwa na sukari, na Masatu hakuja na sukari siku hiyo.

Wiki ile kijiwe kilihamia Makoko, basi la tatu lilikokuwa limefikishwa. Bernado alileta rangi ya bluu, ambayo hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Gati alishika burashi siku moja, siku nyingine alishika mazungumzo. Masatu aling'oa viti vya mbele akaweka kaunta, akaunga jiko kwenye bomba la moshi, akamtengenezea Esta meza ya kusomea kwenye dirisha la nyuma. Injini aliitibu kwa viungo vya lile basi la mbavu. Usiku alikuwa na hofu moja tu: kwamba litagoma njiani, na Hyasinta aaibike mbele za watu.

Halikugoma. Jumamosi asubuhi liliingia Mwigobero likikohoa, likasimama palepale yalipokuwa mabenchi. Masatu akafungua boneti, akainama humo kidogo, akaifunga. Kahawa ikaanza kuchemka.

Mgambo wakafika na marungu, mbele yao kamanda wao, Mseti, mtu mnene mwenye filimbi shingoni.

"Nani kajenga hapa?"

"Hakuna aliyejenga, afande," akasema Hyasinta. "Hili ni gari."

"Kama ni gari, liondoke!"

Masatu akasogea, kofia mkononi. "Limeharibika, afande. Tunasubiri spea."

Uso wa Mseti ukalegea kidogo. "Spea gani?"

"Fani belti."

"Fungua nione."

Masatu akafungua boneti. Mseti akachungulia, akapitisha mkono. Kweli, fani belti haikuwepo. Bernado aligeukia ziwa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko, kwa sababu yeye ndiye aliyemwona Masatu akiivaa kiunoni, chini ya shati, badala ya mkanda wa suruali.

"Fani belti," Mseti akarudia kwa uchungu. "Unajua na Landrova yetu inasubiri hiyohiyo? Tumeandika mpaka Dar es Salaam. Sisi leo tumekuja kwa miguu."

"Pole sana, afande," akasema Gati. "Yaani nchi nzima imesimama kwa kamba moja ya mpira."

"Na huo moshi juu?"

"Injini inapoa," akasema Masatu.

"Inanukia kahawa."

"Ni gari la zamani, afande."

Mseti akamtazama Masatu. Akawatazama vijana wake, waliokuwa wanavuta pua. Akaitoa filimbi shingoni, akaitia mfukoni, akapanda ngazi ya basi.

"Mgeni akiuliza, limeharibika," akasema akikaa. "Mimi nitakunywa hapa nikilisimamia. Sukari iko?"

Msafara wa mgeni ulipita saa sita, ukapunga mkono, ukaenda zake. Wageni wawili ndani ya gari la nyuma walionekana wakilisifu basi. Mgambo wakaondoka wameshiba kahawa. Hyasinta akashuka, akalizunguka basi lote akilipapasa, akaja kusimama mbele ya Masatu.

"Basi nimelipokea," akasema. "Asante."

"Na lile jingine nililokuuliza?" Masatu aliuliza kwa sauti ya chini, lakini kijiwe kizima kilikuwa kimeshatega masikio.

"Lile? Lile linasubiri spea."

"Spea gani, Mama Esta?" akadakia Bernado. "Sema tu, mimi nitaivusha!"

"Pete. Na asithubutu kuniletea iliyochongwa kwenye bomba la mafuta la lile basi lake la mbavu."

Masatu, ambaye mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni, akauacha humohumo.