Mafuta ya Madoa na Mtamba wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza. Mtamba wake, ng'ombe mwenye mimba ya kwanza, atakwenda kwa mkwe ambaye maziwa yake yana mafuta mengi kuliko ya mwenzake. Anataka siagi, hataki porojo. Wakwe tuko wawili: mimi, na Mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu. Mtu wa kufagia zizi mpaka unaogopa kukanyaga. Kipimo ni Jumamosi ya tarehe 22, kituo cha maziwa, kwa mashine.

Namtaka yule mtamba! Nimeshahamisha baiskeli ili apate pa kulala. Nimeshindwa kukaa kitako tangu asubuhi. Nakwenda zizini, narudi, nakwenda tena. Ng'ombe wangu, Madoa, anacheua tu. Hana habari kwamba heshima yangu iko kwenye chuchu zake.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Mafuta yanaingia, mafuta yanatoka. Sijui kwa nini watu husomea mambo haya. Nimechukua dumu la mafuta ya alizeti jikoni, nikamimina kikombe kizima kwenye pumba. Madoa akanusa, akanitazama, akala.

Mke wangu akauliza mbona dumu limepungua. Nikamwambia ni joto. Akasema mafuta si nguo, hayakauki. Mwanamke huyu hana jambo dogo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeongeza vikombe. Majani Madoa anayala shingo upande, na kinyesi kimekuwa uji. Dalili nzuri, nadhani. Mafuta yanatafuta njia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepeleka maziwa kituoni kujaribu. Mpimaji akasoma, akafuta kioo cha mashine, akasoma tena. Akauliza kwa upole kama nimetia maji. Mimi! Mafuta yameshuka vibaya. Mwanyumba alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akapatwa na kikohozi cha ghafla. Kikohozi chenye meno yote nje.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwendea bwana mifugo. Akasema mafuta ya maji yakizidi huvuruga vijidudu vinavyosaga majani kwenye tumbo kubwa la ng'ombe. Vikivurugika, kiwele kinapunguza mafuta ya maziwa. Nimwachishe Madoa mafuta mara moja, nimpe majani makavu ya kutosha. Akaanza habari ya aina za mafuta, lakini nilikuwa nimeshanyanyuka. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata.

Mafuta yanashusha mafuta. Vizuri sana. Nani anahitaji kushushwa?

Jumatano, 12 Machi
Mke wangu ameficha dumu. Dukani nikachukua mafuta ya kuganda, yale magumu ya kukata kwa kisu. Mafuta ni mafuta. Nikayakwangua, nikayachanganya na pumba, nikajaza mfuko, nikampelekea Mwanyumba. Nikamwambia ni chakula maalumu, ampe ng'ombe wake kidogo kila asubuhi, tushindane kindugu.

Maskini, alitokwa na machozi. Akaniita kaka. Niliona haya mpaka nilipofika getini kwake.

Jumatatu, 17 Machi
Situlii. Nimepita kwa Mwanyumba kujifanya naazima reki. Ng'ombe wake anakula vizuri, manyoya yanang'aa. Nikajipa moyo kwamba madhara yako ndani. Mwanyumba akaomba mfuko mwingine. Nikampa kwa mikono miwili.

Jumamosi, 22 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Maziwa ya Madoa yamepanda kidogo, bado hayajafika yalipokuwa kabla sijamsaidia. Yakaja ya Mwanyumba. Mpimaji akamwita mwenzake aje kuona. Mafuta hayajawahi kuwa mengi vile kwenye zizi lake! Mwanyumba akasimama mbele ya watu wote akasema sifa zote ni zangu, mimi ndiye niliyempa chakula. Mama mkwe akanishika mkono, akalia. Akasema miaka yote hii alinidhania mtu wa hila. Kisha akamkabidhi Mwanyumba kamba ya mtamba.

Bwana mifugo akanivuta pembeni, akauliza nilitia mafuta gani. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa juu ya debe la maziwa. Akasema yale magumu hupita bila kuvisumbua sana vile vijidudu, na yakitiwa kwa kiasi huweza kupandisha mafuta ya maziwa. Ndicho alichotaka kunieleza nilipomkimbia.

Jumapili, 23 Machi
Mama mkwe amekuja kunishukuru nyumbani. Akamwona Madoa alivyokonda. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Akasema Mwanyumba amchukue mpaka apone, ila maziwa yake niendelee kuletewa. Mwanyumba amekwenda naye mchana huu. Madoa hakugeuka hata mara moja.

Zizi tupu. Nimekaa humo juu ya ndoo. Imeniuma, sifichi.

Lakini nimekuwa nikiwaza. Mwanyumba atamlisha, mimi nitakunywa. Aliyeshinda hapo ni nani? Tena mama mkwe, akiaga, alisema mtamba akizaa atapima upya. Ndama atakwenda kwa mwenye maziwa matamu kuliko yote. Matamu!

Mke wangu yuko kwa dada yake mpaka jioni. Sukari iko kabati la juu. Nikichanganya na pumba sasa hivi, Mwanyumba ataanza kumpa Madoa kesho asubuhi.