Mama Shemasi Juu ya Manati

Leo haya imenikula mpaka mifupa. Minye, shemasi wa kanisa!

Munajua mujukuu wangu Neema alisoma mekaniki (minye sikupita ya tatu primeri, lakini ile akili ni yangu). Sasa iko anachunga ile manati ya kurusha watu yenye ilikuja hapa Kimanga: nguzo mbili ndefu, elastike nene, kiti katikati. Wanavuta kiti chini, wanakikamata na ndoano. Ndoano ikifunguka, weye ndiye jiwe.

Siku tatu hakuna muntu alipanda. Wote waoga! Patroni, mwenye ile manati, akasema leo ikipita hivi, anabomoa, anaenda. Neema akaanza kulia. Nikamuambia: «Nyamaza. Nitapanda minye. Wakiona muzee ameshuka muzima, watakuja.»

Akanipima kilo, sababu elastike zinafuata uzito wa muntu. Akavuta mikanda mara mbili. Akanionyesha kamba ya chuma: elastike ikikatika, ile inakukamata. Muzuri. Kisha:

«Koko, bibi yangu, kikwembe cha kujifunga hapana. Mukanda unapita katikati ya miguu, na nguo inaweza kunaswa. Vaa pantalo.»

Pantalo! Suruali ya wanaume! Minye mwenye nafukuzaka mabinti waimbaji ku korali ya kanisa juu ya pantalo!

«Neema, nilikubeba ku mugongo!»

«Asante, Koko. Lakini hapa minye ni mekanisie. Bila pantalo, sifungui ndoano.»

Nikavaa pantalo yake ya spoti (ilinibana, hata kukohoa nilikohoa kwa akili). Nikaangalia kushoto, kuume: hakuna muntu wa kanisa. Nikakaa.

Tchwaa! Ndoano ikafunguka, nikapaa. Nikaona muto Ruzizi unaingia mu ziwa. Nikaona milima ya Burundi. Nikaona korali nzima inatoka ku mazoezi.

Na ile kitu hairushe mara moja tu, wapendwa! Elastike inakurudisha. Nikashuka, nikakutana na macho yao. Nikapanda. Nikashuka: wameongezeka!

«Mama Shemasi, ni weye?»

«Hapana!» nikajibu, nikapanda tena.

Wakati walinifungua, mustari wa wateja ulikuwa umefika ku barabara. Patroni akasema wanabaki. Neema anacheka, machozi yanatoka. Binti moja wa korali, mwenye nilifukuza mwezi uliopita, akanisogelea na adabu yote:

«Mama, Jumapili nivae nini?»

Nikamuangalia. Nikajiangalia.

«Vaa tu, mwanangu. Lakini utafute yenye haibane kama hii.»